Kampuni, Mwana wa Nani?

Shinyanga, Jumapili alasiri

Mwanangu Masanja,

Salamu hizi hazisafiri mbali, zinavuka ukuta tu. Wewe uko chumba cha pili unafunga sanduku kwa kamba ya katani, nami niko huku nimekaa na kalamu. Ningeweza kuinuka nikakwambia kwa mdomo. Nimejaribu mara tatu tangu Alhamisi. Mara ya kwanza nilikuuliza kama viatu vinakubana. Mara ya pili nikakusifia shati. Mara ya tatu nikakohoa, ukaniletea maji. Basi naandika, kwa sababu kuandika ndiyo kazi pekee niliyoiweza maishani, na ndiyo iliyoniponza.

Habari za blanketi na dawa ya homa mama yako amekwisha kukwambia, na harufu ya karanga anazokukaangia imejaa nyumba nzima. Hapo sina la kuongeza.

Alhamisi ulinipa barua yako ya kazi niisome. Nikasoma: "Kampuni imekubali kukuajiri, uwe karani katika ofisi ya mgodi." Chini yake palikuwa na muhuri. Nikakukumbatia, nikacheka kwa sauti mpaka jirani akauliza kulikoni. Kisha nikaenda nyuma ya nyumba nikatapika. Mama yako alisema ni nyama ya jana. Haikuwa nyama. Muhuri ule naujua. Nilipouona mara ya kwanza ulikuwa umepigwa kwenye kibao kilichozuia watu kuteka maji katika chemchemi ya Nyanzobe, huko Geita ulikozaliwa. Sikuwahi kudhani kwamba siku moja ungeingia nyumbani kwangu mkononi mwa mwanangu, nawe unatabasamu.

Wewe unajua kwamba tulihama kule kwa sababu ya maji. Ndivyo nilivyokwambia, na si uongo. Lakini ni kweli iliyokatwa miguu. Leo nakupa iliyobaki.

Wakati huo nilikuwa karani wa baraza la mtemi wetu. Ulikuwa na miaka saba hivi, hukumbuki jinsi baba yako alivyokuwa akitembea. Nilitembea kama bata! Kalamu mbili mfukoni, moja haina wino. Mtemi hakujua kusoma, wanangwa wake, wale wakuu wa vijiji, hawakujua kusoma, na mimi nilikuwa nimesoma misheni miaka sita. Padri aliyenifundisha Kiswahili alikuwa mkali kuhusu jambo moja kuliko dhambi zote: mtu ni "a", kitu kina herufi yake. Mtu amekuja, nyumba imejengwa. Ukikosea unapigwa rula vidoleni. Nilitoka pale najua Kiswahili kuliko watu wa pwani, au ndivyo nilivyojiona.

Basi wakaja wale Wazungu wa dhahabu. Wa kwanza wao tulimwita Bwana Miwani, meneja, mtu mpole, mwenye kucheka. Kila alichofanya alisema ni cha Kampuni. Hema la Kampuni, punda wa Kampuni, Kampuni anataka vibarua, Kampuni amefurahi. Sasa usicheke, Masanja. Sisi tulijua Kampuni ni mtu. Ni Mzungu mkubwa, bwana wa Bwana Miwani, yuko Ulaya, labda mzee, labda miguu inamuuma ndiyo maana haji. Wazee walipokutana na Bwana Miwani njiani walimsalimu, kisha wakamuuliza, "Na Bwana Kampuni, hajambo?" Naye alijibu, "Hajambo sana." Mwaka mmoja ng'ombe walipozaa vizuri, mtemi alimpelekea Kampuni kibuyu cha maziwa ya mgando. Bwana Miwani akayanywa, akafuta mdomo, akasema Kampuni anashukuru.

Mimi niliyesoma miaka sita ndiye niliyebeba kibuyu kile.

Siku ikafika Bwana Miwani akaja barazani kusema kwamba mlima wote ule umepewa Kampuni kwa karatasi ya Serikali kutoka Dar es Salaam, na watazungushia waya. Chini ya mlima ndiko kulikokuwa na Nyanzobe. Kiangazi kikikaza, mito yote hukauka, lakini Nyanzobe haikuwahi kukauka hata mwaka wa njaa. Vijiji vitatu vilinywa pale, na mifugo yao. Watu wakanung'unika. Bwana Miwani akainua mkono, akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, na haya maneno niliyasikia kwa masikio yangu mawili: "Maji hapana shida. Watu teka maji siku zote."

Mtemi akanigeukia. "Karani, andika."

Nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri: "Kampuni amekubali watu wateke maji Nyanzobe siku zote." Bwana Miwani akatia jina lake. Mtemi akatia dole gumba, na wanangwa wake wote. Mimi, chini kabisa, nikaandika kama nilivyoandika kila siku: "Karani wa Baraza." Jina langu sikuliweka. Nilidhani cheo ni kikubwa kuliko jina.

Bibi yako Minza, mama yangu, alikuwa amekaa mbele, mtungi wake pembeni, maana alikuwa anatoka chemchemini. Akasema mbele ya watu wote, "Petro, huyo Kampuni umemwona wewe?"

Nikasema, "Mayu, yuko Ulaya."

"Sawa, yuko Ulaya. Mama yake nani?"

Watu wakacheka. Nami nikacheka, tena nikacheka zaidi yao, nikamwambia, "Mayu, haya ni mambo ya karatasi." Mama yangu mzazi! Akajitwika mtungi wake akaenda zake.

Kwetu, Masanja, hilo halikuwa swali la kuchekwa. Shauri lilipoletwa barazani, tarishi alisimama mlangoni akaita jina la mshitakiwa na la mzazi wake, mara tatu. Fulani mwana wa fulani. Mtu hakuitwa peke yake, maana akikimbia, wazazi wake wanabaki, na aibu inawakuta nyumbani. Mama alikuwa anauliza swali la baraza lenyewe. Karani ndiye aliyekuwa amelisahau.

Bwana Miwani alikaa miaka miwili mingine, kisha akaenda kwao likizo asirudi. Tulisikia ameacha kazi. Akaja meneja mwingine, mtu mkavu, haulizi wala hacheki. Katikati ya kiangazi akaleta mashine ya kusagia mawe, nayo ilitaka maji kuliko ng'ombe mia. Siku moja asubuhi mama akarudi na mtungi mkavu. Akauweka mlangoni pangu. Nikaenda mwenyewe. Nikakuta waya umevuka chemchemi, askari wawili wa mgodi, na kibao chenye muhuri. Wanawake kama thelathini walikuwa wamesimama na vyombo vyao, wengine na watoto mgongoni. Niliwaambia, kwa sauti kubwa ili askari wasikie, "Msiogope. Karatasi iko kwangu."

Mtemi alikasirika nikafurahi kumwona amekasirika. Na usidhani mtemi wetu alikuwa mtu mdogo. Aliweza kumwamuru mtu kung'oa mabua ya pamba shambani. Aliweza kumpeleka mtu kusafisha barabara, kumtoza faini kwa pombe, kumfunga siku saba kwa utundu. Mtu hakuchoma majani ila kwa ruhusa yake. Akasema, "Mwite Kampuni." Nikaandika samansi: Kampuni afike barazani siku ya Jumatano, ajibu kwa nini amevunja neno lake.

Jumatano watu walijaa mpaka nje. Tarishi wetu, Ng'wandu, mtu wa miaka mingi katika kazi, akasimama mlangoni, akavuta pumzi, akaita: "Kampuni! Kampuni, mwana wa..." Akakwama. Akanigeukia. "Karani, mwana wa nani huyu?"

 Nilipekua makaratasi kana kwamba limeandikwa mahali. Mama alikuwa palepale mbele, ananitazama. Hakucheka hata kidogo, ingawa zamu ilikuwa yake.

Ng'wandu akaita hivyohivyo mara tatu, jina lisilo na mzazi. Hakuna aliyeitika. Siku ya nne akafika mtu mwingine kabisa: Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, na samansi yangu mkononi. Meneja alikuwa ameipeleka bomani bila hata kuifungua vizuri.

Nakuandikia mazungumzo yale kama yalivyokuwa, maana hayajanitoka.

Bwana Shauri alisema, "Mtemi, baraza lako ni la wenyeji. Huwezi kumwita Kampuni hapa."

Mtemi akauliza, "Kampuni si mtu?"

"Kisheria ni mtu. Anamiliki mali, anashitaki, anashitakiwa. Kama mtu."

"Basi ni Mzungu."

"Si Mzungu."

"Mhindi?"

"Hapana."

"Si mwenyeji, si Mzungu, si Mhindi, lakini ni mtu. Yuko wapi?"

Bwana Shauri akafikiri. Hakuwa mtu mbaya, niliona anahangaika kweli kutafuta maneno. Akasema, "Hana mahali. Yaani, ameandikishwa. Yuko kwenye vitabu."

Mzee mmoja nyuma akauliza, "Atakufa lini?"

"Hafi," akasema Bwana Shauri. "Mameneja wanaondoka, wenye mali wanakufa, Kampuni anabaki."

 Watu walitazama kofia ya Bwana Shauri, walitazama miguu yao. Mtu asiyekufa, asiyezaliwa, asiye na mahali, na ndiye mwenye mlima wetu!  Kwa miaka minne nilikuwa nikimsalimia, nikampelekea maziwa, nikaandika neno lake na kuwaambia watu walale usingizi. Na padri wangu hakunifundisha kwamba kuna kitu kinachoweza kuchukua "a" bila kuwa na pua.

Nikajikuta nimesema, "Bwana, neno lake tunalo." Nikampa karatasi.

Akaisoma. Akasema kwanza, kwa upole, "Karani, hapa pana kosa. Si 'Kampuni amekubali'. Sema 'Kampuni imekubali'."

Nikasema, "Bwana, umesema ni mtu."

"Ni mtu kwa sheria, si kwa Kiswahili."

Hata leo nikilikumbuka jibu hilo hushika kichwa. Wakati wa kumiliki mlima ni mtu, wakati wa kuulizwa neno lake ni kitu.

Kisha akasoma tena, polepole, na uso wake ukabadilika. Akasema jina la Bwana Miwani liko, lakini halionyeshi kama alisema kwa niaba ya Kampuni au kwa kinywa chake mwenyewe. Kampuni itasema alikuwa anaongea tu. Halafu akasema neno ambalo nakuomba ulisome mara mbili. Alisema, "Mimi sina nguvu ya kuiamuru, wala mtemi hana. Lakini naweza kuandika Dar es Salaam. Nikiandika nitahitaji mtu aliyesikia kwa masikio yake na kuandika kwa mkono wake, asimame aape kwamba meneja alisema kwa ajili ya Kampuni. Dole gumba halitoshi, watasema wazee hawakujua walichokitia dole. Nani aliandika karatasi hii?"

Mtemi hakusema. Wanangwa hawakusema. Walikuwa wananiheshimu, wakaniachia nijibu mwenyewe.

Mimi nilikuwa nafikiri nini? Nilifikiri samansi. Samansi ile ilikuwa kosa, alishasema, baraza limevuka mpaka wake, na mimi ndiye niliyeiandika. Nikajiona nimevuliwa kazi, nimerudi kulima kwa mkono, watu wananiita Petro tu. Nikaona pia Dar es Salaam, mawakili, wananiuliza "a" na "i" mbele ya watu. Nikaogopa, mwanangu. Niliogopa kama mtoto.

Nikasema, "Baraza ndilo lililoandika, Bwana."

Akauliza tena, "Nani, katika baraza?"

Nikasema, "Baraza."

Akaitazama karatasi, akaona "Karani wa Baraza" bila jina. Na makarani tulikuwa watatu katika miaka ile, mimi na wasaidizi wawili, mmoja wao alikwisha kufa. Alijua, nadhani.  Kisha akaikunja, akanirudishia, akamwambia mtemi mbele ya watu wake kwamba asirudie kuita asiowaweza. Yule mtu mzima aliyewafunga watu siku saba akainamisha kichwa. Mambo yakaisha hapo. Waya haukusogea hata shubiri moja.

Watu walipotoka, mama alibaki. Nilikuwa nakusanya kalamu zangu. Alikuja mpaka mezani, akaegemea kwa mikono miwili, maana magoti yalikuwa yamekwisha kumsumbua. Nilidhani atanilaani. Hakunilaani. Alisema kwa sauti ya mtu anayeuliza njia, "Petro. Kumbe na wewe huna mama?"

Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyonisemesha akiwa Geita. Baada ya hapo kisima cha karibu kilikuwa mwendo wa nusu siku, na hakuuweza. Shangazi yako akaja kumchukua, akampeleka Kishapu, kwenye vumbi na pamba, mbali na makaburi ya watu wake. Mwaka uliofuata nami nikaacha kazi ya baraza tukahamia hapa Shinyanga, nikapata hii ya ghala la pamba. Nilimtembelea Kishapu mara nyingi, ulikuwa nami. Unakumbuka alivyokupa maziwa kwa kata ile yenye ufa, akakuchezesha, na mimi akaniitikia marahaba vizuri kabisa, akaniuliza habari za njiani. Mambo ya Nyanzobe hakuyataja. Nami sikuyataja. Nilijiambia, nitamwomba radhi safari ijayo. Ile safari ijayo nilimkuta amefunikwa shuka. Alikufa akinywa maji ya kuomba, na mwanawe aliyejua kuandika alikuwa ameshindwa kuandika jina moja.

Miaka yote hii nilimchukia Kampuni. Nilikulea kwa chuki hiyo bila kukwambia sababu. Lakini nilipoona muhuri ule Alhamisi nilishtuka kwa jambo jingine kabisa, na ndilo lililonitapisha. Nilikumbuka sauti yangu mwenyewe ikisema "Baraza ndilo lililoandika", nikaona mimi na Kampuni tulikuwa tumejifunza ujanja uleule. Yeye alijificha ndani ya kitabu, mimi nikajificha ndani ya baraza. Tofauti yetu ni kwamba mimi nilikuwa na uso, na mama yangu alikuwa anautazama.

Sikwambii usiende. Kazi ni kazi, na ukibaki hapa utahesabu magunia ya pamba kama mimi mpaka macho yafe. Tena wewe una moyo kuliko wangu, nimeona ulivyomjibu yule mnunuzi aliyemwibia mwanamke mmoja wa Kishapu kwenye mizani. Nenda. Lakini utakaa kwenye meza, na watu watakuja dirishani na shida zao, na utapewa karatasi uandike, "Kampuni imeamua." Hapo ndipo nakuomba unikumbuke. Uliza ni nani ameamua. Ana jina, ana mama, amekaa chumba cha pili anakunywa chai. Liandike jina lake. Akikataa, basi chini ya karatasi andika la kwako, lote, ili mwenye shida ajue amezungumza na nani na siku moja aweze kumrudia. Huenda wakakufukuza kwa ajili hiyo. Ukifukuzwa, rudi nyumbani kwa miguu yako na mlango utaukuta wazi, nami nitakuwa wa kwanza kukupokea sanduku.

Nimeambiwa maji ya Nyanzobe sasa yanapita kwenye bomba mpaka nyumba za makarani. Kwa hiyo utayanywa wewe, mjukuu wake. Kunywa, ni matamu. Na akifika mwanamke na mtungi kwenye ua wako, mpe.

Ile karatasi ninayo bado. Nimeiweka ndani ya bahasha hii, imekunjwa palepale alipoikunja Bwana Shauri. Leo mchana, kabla ya kuanza kukuandikia, nimechukua kalamu nikaongeza jina pale chini, ambapo palibaki wazi miaka yote. Imechelewa, haitamfaa mtu yeyote, wala haitasogeza waya. Lakini nimeandika, na hapa naliandika tena.

Mimi niliyeiandika karatasi ile kwa mkono wangu, na niliyesikia kwa masikio yangu,

Petro, mwana wa Minza